Mchuzi wa Magadi kwa Bwana Salum

Siku ile tulikuwa watu wanane katika hoteli ya Bwana Salum, mjini Sumbawanga, na ninawataja wote kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa anamshuku mwenzake. Alikuwapo Bwana Salum mwenyewe, mwenye hoteli, aliyenishuku mimi. Alikuwapo mkewe, Bi Zuhura, amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, aliyemshuku yeyote aliyegusa vyombo vyake. Alikuwapo Mzee Feruzi, mpishi, mtu wa Ujiji, aliyeamini kwamba nimeletwa nimnyang'anye kazi. Alikuwapo Masudi, dereva wa lori la kwenda Abercorn, ng'ambo ya mpaka, aliyekishuku chakula. Alikuwapo Mwalimu Leonsi wa darasa la upishi la misheni, aliyeona kwamba Bwana Salum ananitumikisha bure. Alikuwapo baba yangu mdogo, Alfonsi, aliyetoka upande wa Kasesya kwa miguu, akiwa na hakika kwamba nimeshabadilishwa dini. Alikuwapo mdogo wangu Rozina na kopo lake la kubebea chakula; yeye hakumshuku mtu, alikuwa na njaa tu. Wa nane nilikuwa mimi, Gaspari, na mimi nilimshuku Mzee Feruzi.

Nitawaambia yaliyotokea, lakini mnivumilie. Ninyi mnaosoma upishi sasa mnapenda mambo yapangwe kama karatasi ya mapishi: kwanza hiki, halafu kile. Kazi yangu haikunijia hivyo.

Mimi sikuwa mwanafunzi wa darasa lolote. Shule niliiacha mapema, baba alipofariki, na mama akamfuata kabla ya mavuno mawili kupita. Tulibaki wanne: mimi, Rozina, Yustini na Kleti. Nyumba yetu ilikuwa Malangali, pembeni mwa mji, wakati huo mashamba matupu na nyumba chache. Kazi yangu ilikuwa kuni. Anayeijua Ufipa anajua kwamba huku juu ni nyasi na upepo. Kuni unazifuata mbali, kule ardhi inakoanza kuteremkia Bonde la Rukwa. Nilizibeba kichwani na kuziuza mjini, na mteja wangu mkubwa alikuwa Bwana Salum.

Wakati ule misheni ilikuwa imeanzisha darasa la upishi. Mwalimu Leonsi alikuwa na wanafunzi sita, jiko moja, sufuria mbili na ubao. Aliniambia baadaye kwamba aligundua kosa lake siku alipowapeleka kupika kwenye harusi. Walizoea kupika chakula cha watu sita. Walipoambiwa watu mia, walichukua karatasi wakapiga hesabu, wakazidisha kila kitu sawasawa, na chumvi pia wakaizidisha sawasawa. Wageni walimaliza mtungi wa maji kabla ya wali.

Hapo Mwalimu akaona kwamba mpishi hafundishiki bila mteja mwenye njaa na haraka. Akaanza kupita kwenye hoteli za mjini akiomba kila mwenye hoteli achukue mwanafunzi mmoja. Hoteli zilikuwa tatu. Wa kwanza alimcheka: "Nimfundishe leo, kesho anifungulie maandazi mlangoni pangu?" Wa pili alisema mwanafunzi ni mpelelezi wa kodi. Bwana Salum alikunywa kahawa yake, akasema, "Mlete. Lakini nyama asiiguse mpaka Mzee Feruzi amechinja na kukata mwenyewe, na masanduku yangu asiyasogelee."

Mwalimu akarudi darasani kwa furaha, na huko wazazi wakagoma. Mama mmoja alimwambia, "Mwanangu akila kule miezi sita, atarudi anaitwa Hamisi." Hakupatikana hata mmoja. Bwana Salum amekubali, na Mwalimu hana mtu wa kumpeleka. Ndipo aliponikuta mlangoni pa Bwana Salum na mzigo wa kuni.

"Gaspari, unajua kupika?"

"Najua moto, Mwalimu."

"Basi nusu unajua. Ingia."

Ndivyo nilivyoingia. Malipo yangu yalikuwa chakula: mimi nile pale, na jioni Rozina aje na kopo achukue cha watatu waliobaki nyumbani. Nawaambia wenye hoteli wa leo mnaoombwa kupokea wanafunzi: anzieni hapo. Mwanafunzi asiyekula hajifunzi. Anatazama sufuria kwa tumbo, si kwa macho.

Lakini juu ya kopo lile palikuwa na neno zito zaidi. Baba mdogo Alfonsi alikuwa amesema mbele ya ukoo kwamba watoto hawalelewi na mtoto. Alitaka kuwachukua Yustini na Kleti wakachunge ng'ombe wake huko mpakani, na Rozina apelekwe kwa shangazi, upande wa Mpanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wachache. Mwalimu Leonsi alimsihi asubiri mpaka baridi iishe. Wakakubaliana siku ya kukutana hotelini: siku hiyo Bwana Salum atatamka mbele yao kama ninafaa kubaki kwake au hapana. Nikifaa, wadogo zangu watabaki Malangali. Nisipofaa, wataondoka na baba mdogo asubuhi inayofuata.

Kwa hiyo nilipokuwa namenya vitunguu sikuwa namenya vitunguu. Nilikuwa nashikilia ndugu zangu watatu.

Sasa nimseme Mzee Feruzi. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia yake haikuwa na doa hata akikaanga sambusa. Kwenye pembe ya jiko alikuwa ametundika gunia likawa pazia, na nyuma yake ndiko alikoweka makopo yake ya chumvi, bizari, pilipili manga na magadi. Mchuzi ukifika wakati wa kutiwa viungo, alichukua bakuli, akaingia nyuma ya gunia, akatugeuzia mgongo, akatoka na bakuli limefunikwa. Nikisogea alisema, "Kuni zimekwisha, mtoto wa Kifipa." Hata zikiwa zimejaa hadi darini.

Nilidhani ananificha ufundi. Kila mtu alidhani hivyo, hata Bwana Salum. Wapishi wa zamani walikuwa hivyo. Mtu alikufa na pilau yake.

Na palikuwa na jambo jingine lililonikosesha raha. Kila siku, kabla chakula hakijapakuliwa, aliniita kwa sauti ya chini: "Ehe, leo mchuzi unaonaje?"

Nikajibu, "Sijaonja, Mzee."

"Hujaonja?"

"Sijaonja hata kidogo. Naapa."

Alikunja uso, akanifukuza nikasafishe masufuria. Kesho yake, swali lile lile. Mimi nilijua ule ni mtego. Nikisema ni mtamu, ataniuliza nimeujuaje, na nitakuwa mwizi wa nyama. Nikisema umepungua chumvi, nitakuwa mwizi mwenye dharau. Nikashika jibu langu moja kama fimbo: sijaonja. Miezi mitatu yule mzee aliniuliza, na miezi mitatu nilimjibu hivyo, nikijisifu moyoni kwa ujanja wangu.

Vijana, mashaka ni kitu kizuri jikoni. Mshuku samaki wa bondeni aliyefunikwa majani mabichi mno. Anayefunika sana ana cha kuficha. Fungua shavu lake utazame, halafu mbonyeze ubavuni, nyama isiporudi mwache. Shuku maharage yanayong'aa kupita kiasi. Yamepakwa mafuta yafanane na ya mwaka huu. Shuku samli isiyo na harufu. Mteja anayesema "lete chochote" mshuku zaidi ya wote, huyo atarudisha sahani. Lakini mtu anayekuuliza swali lile lile kila siku, acha kidogo kumshuku. Pengine anataka jibu.

Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshafanya kosa moja kubwa, na ndilo lililonifanya nitazamwe kwa jicho baya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupeleka chai mezani. Mteja alikuwa huyu Masudi, mtu wa Pwani, mnene, anayependa kukaa karibu na mlango ili alitazame lori lake. Nilimwekea kikombe. Halafu, kabla hajakigusa, nikakiinua, nikanywa funda moja mbele ya macho yake, nikakirudisha mezani kwa mikono miwili.

Msicheke. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa. Anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele yake, mgeni aone kwamba hakuna lililotiwa ndani. Mama alikuwa akisema, ukimpa mtu kibuyu cha pombe bila kuonja, umemwambia afe. Mimi nilimpa Masudi heshima yote niliyokuwa nayo.

Masudi alisimama hata kiti kikaanguka.

"Bwana Salum! Huyu kijana wako amekunywa chai yangu!"

"Amekunywa?"

"Kainywa! Mbele yangu! Halafu ananipa makombo kwa adabu, kama ananikabidhi mahari!"

Watu wakacheka mpaka barabarani. Nilipoeleza sababu, kicheko kikakatika, na hapo ndipo pakawa pabaya zaidi. Masudi alikisukuma kikombe mbali. "Kumbe huku chai huonjwa kwanza? Basi huku kuna nini ndani ya chai?" Alilibeba neno hilo pamoja na mizigo yake mpaka Tunduma. Madereva wakaanza kuuliza kabla ya kukaa. Bwana Salum akaniapisha: nisionje tena kitu chochote mbele ya mteja, wala nyuma yake. Na mimi ni mtu wa kushika neno. Nilishika.

Sasa tufike siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, upepo umeanza kulegea. Asubuhi Bi Zuhura alikuwa amesafisha jiko lote kwa ajili ya wageni. Aliondoa gunia akalikung'uta, akafuta makopo, akayarudisha. Mzee Feruzi alikuwa amekwenda kuchinja. Bi Zuhura hakufanya kosa lolote ila moja: kopo la magadi aliliweka mahali pa kopo la chumvi.

Huku juu maharage hayaivi upesi kama kule bondeni. Unaweza kuchochea tangu asubuhi na bado yakagonga meno. Kwa hiyo hakuna jiko la Ufipa lisilokuwa na magadi, na hukaa jirani na chumvi. Kwa macho vinafanana. Ukiweka ncha ya ulimi unajua papo hapo.

Adhuhuri wakakaa. Mwalimu Leonsi na baba mdogo walikaa meza moja, Bwana Salum katikati yao. Rozina alisimama ukutani na kopo lake. Masudi hakualikwa; alipita tu na lori lake, akakaa mahali pake karibu na mlango, akasema ana haraka, apakuliwe kwanza.

Mzee Feruzi aliniita. "Ehe, mchuzi unaonaje?"

"Sijaonja, Mzee."

Akapumua kwa nguvu, akapakua. Nikapeleka.

Masudi alimega ugali, akachovya, akatia kinywani. Akakaa hivyo, shavu limejaa. Kisha akatema chini.

"Sabuni!" alisema. Akasimama, akanywa maji. Akanitazama. "Si sabuni. Sumu. Nilisema mimi! Leo huyu hakuonja. Siku ile alionja, leo hakuonja. Mnaona?"

Baba mdogo alisimama. "Mtoto wa kaka yangu si mchawi," alisema, lakini bakuli lake alilisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Hakuna aliyesema mchawi," akasema Mwalimu.

"Dereva amesema sumu. Huku kwetu ni neno moja."

Bwana Salum alinigeukia. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angeipaza. "Gaspari, umetia nini?"

Nilimtazama Rozina. Alikuwa amelikumbatia kopo lake. Sikutia chochote, na hakuna ambaye angeniamini. Nilibaki na jambo moja tu nililofundishwa nyumbani. Nikalichukua bakuli la Masudi, nikaketi chini palepale, nikaanza kunywa ule mchuzi mbele yao wote.

Funda la kwanza nikajua. Magadi. Yamejaa kiasi cha kufulia shuka. Na nilipojua magadi, nikajua mengine yote kwa mara moja: nani aliyeingia nyuma ya gunia, kwa nini hakuona kosa lake, kwa nini maziwa yaliwahi kuungua yeye akiwa amesimama juu yake asishtuke, na kwa nini kila siku aliniuliza. Yule mzee alikuwa hana ulimi. Hapati ladha wala harufu. Alikuwa anapika kwa mahali pa makopo na kwa hesabu ya vidole, na alikuwa akiniomba msaada kwa njia pekee ambayo haikuweza kumwaibisha.

Niliendelea kunywa. Kama ningesema magadi, ningepona mimi na angekwisha yeye. Alikuwa na miaka mingi katika jiko lile na hakuwa na shamba.

"Ni nini?" akauliza Bwana Salum.

"Ni mchuzi tu, Bwana."

"Mbona unalia?"

"Pilipili."

Mzee Feruzi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia jiko lake likitukanwa, na sidhani kama alisikia kingine. Akaja kwa hatua ndefu, akaninyang'anya bakuli, akanywa funda kubwa. Akameza. Akafuta midomo kwa ncha ya kanzu.

"Mnamsumbua kijana bure," alisema kwa hasira. "Mchuzi huu hauna kasoro. Chumvi iko sawa, bizari iko sawa. Dereva, kama huna njaa sema huna njaa!"

Bi Zuhura alichovya kidole kwenye sufuria kule jikoni, nikamwona akifumba macho. Akatoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wageni wakiwapo, akasimama karibu na mzee.

"Mzee Feruzi," alisema polepole, "huu una magadi."

Yeye akatazama bakuli. Akamtazama Bi Zuhura. Kisha akanitazama mimi, na nikainamisha kichwa, na kwa kuinamisha kichwa nikawa nimemwambia kwamba na mimi nimejua. Akavuta kiti cha Masudi akakaa. Lilikuwa jambo geni, mpishi kuketi kwenye kiti cha mteja.

"Tangu homa ile kubwa," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Kila kitu ni maji."

Mfanyabiashara huhesabu hata akiwa na huzuni, na najua Bwana Salum alikuwa anahesabu: mpishi asiyeonja, mwanafunzi asiyejua, dereva mwenye mdomo mrefu. Nikaona atatufukuza wote wawili. Nikasema kabla hajafika mwisho wa hesabu yake:

"Bwana, mimi nitamwonjea."

"Wewe huwezi hata kukata kitunguu."

"Mikono atanipa yeye. Ulimi nitampa mimi."

Mwalimu Leonsi akasema, "Bwana Salum, hilo ndilo nililokuja kukuomba tangu mwanzo."

"Uliniomba nimfundishe mtu. Hukuniambia nitaishia na watu wawili kwa sufuria moja."

"Na watu wawili hao wanaishi kwa sufuria moja," akasema Bi Zuhura. "Gharama ya chakula haizidi. Mwache."

Aliyemaliza shauri alikuwa Masudi. Alikuwa amesimama muda wote, kwa sababu kiti chake kilikaliwa. "Mimi ninachotaka," alisema, "mtu aonje chakula changu. Kumbe lile jambo lenu lina maana. Lakini aonje kwa kijiko chake, jikoni, na kikombe changu akiache!"

Baba mdogo alicheka kwanza, halafu Mwalimu. Bwana Salum hakucheka. Alimwambia baba mdogo, "Kijana atabaki. Ukimchukua au ukiwachukua ndugu zake, hatakuwa na sababu ya kuja asubuhi." Baba mdogo alisema atarudi baada ya mavuno kuona kama bado tu Wakristo. Alirudi kweli. Alikula, akanusa hewa ya jiko, akauliza mambo mengi, akaondoka na chapati mbili bila mtoto hata mmoja.

Mimi nilikaa chooni siku mbili. Magadi si mchezo.

Kuanzia Jumatatu gunia liliondolewa. Mzee Feruzi aliweka makopo mezani, akanipa kijiko cha mti alichochonga mwenyewe, kirefu, kisichoingia kinywani mwa mteja yeyote. "Unachota kwa upawa, unamimina kwenye kijiko, unaonja, unakiosha. Usirudishe mate yako kwenye sufuria ya watu." Alinifundisha kujua mafuta kwa sauti yake yanapokuwa tayari, maana masikio alikuwa bado anayo. Alinifundisha kwamba chumvi ya watu mia si chumvi ya watu sita iliyozidishwa tu. Unatia nusu, unangoja, unauliza ulimi. Alinifundisha kukanda chapati mpaka unga uache kushika vidole, kisha kuuacha upumzike kama mtu. Nikiharibu alinitukana kwa Kiha. Mkataba wetu ulikuwa kwamba niruhusiwe kuharibu sufuria moja kila mwezi. Mwezi wa kwanza niliharibu tatu.

Siku za soko nilisimama mlangoni na kuonja hadharani kutoka kwenye sufuria, kwa ruhusa ya Bwana Salum. Wakulima wa vijijini waliokuja na mahindi na ulezi walikuwa hawaingii hotelini. Walikula vya kwao barazani mwa maduka, maana hakuna aliyewaonjea. Waliponiona, wachache wakaanza kuingia, wakikaa karibu na mlango kwanza, mguu mmoja nje.

Mwanafunzi wa pili wa Mwalimu alikuja mwaka uliofuata. Mzazi wake alimleta mwenyewe, akakaa kutwa nzima akitupeleleza.

Sasa niseme juu ya deni. Mzee Feruzi alipokuwa anarudi Ujiji kwa watu wake, nilitaka kumpa zawadi, nikamletea kuku. Akamtazama yule kuku kwa dharau.

"Kopo la dada yako lilikuwa linalisha wangapi?"

"Watatu. Na mimi wa nne."

"Basi watu wanne walikula kwenye mikono yangu. Mtanilipa watu wanne. Uwafundishe mpaka waweze kusimama jikoni peke yao. Usiwafiche kitu nyuma ya gunia. Kuku ni wa nini?"

Kuku alimchukua hata hivyo.

Wa kwanza niliyemfundisha alikuwa Yustini, mdogo wangu. Nikajiuliza kama ndugu anahesabika, nikaamua anahesabika kwa sababu alikuwa mgumu kuliko wageni watatu. Wa pili alikuwa mjane mmoja wa Izia, aliyenifundisha mimi mambo ya maharage. Wa tatu alikuwa kijana hodari. Nilimpa kila kitu, naye alipohitimu alifungua hoteli yake mbele ya macho yangu, ng'ambo ya barabara, mkabala na jiko langu, kama yule mwenye hoteli wa kwanza alivyotabiri. Wateja wangu wengine walivuka. Usiku mmoja wa harusi sufuria zangu hazikutosha, nikavuka mimi pia kuomba za kwake, akanipa zote na watu wawili wa kuzibeba. Hata leo siwezi kuwaambia kama alifanya vibaya au vizuri. Nasema tu wenye hoteli msimkatae mwanafunzi kwa hofu hiyo. Hofu yenyewe ni ya kweli. Mpokeeni nayo hivyo hivyo.

Wa nne sina.

Alikuja, lakini. Ilikuwa mwezi wa mwisho kabla sijauweka mwiko chini. Msichana kutoka darasani kwenu, na barua mkononi, anaomba asimame nami wiki chache. Jina lake sikulishika vizuri. Nilimpa vitunguu. Alivikata vyema, akauliza maswali mengi mno juu ya makopo yangu, nami nikaanza kumtilia shaka: nani amemtuma, anataka nini. Mchana akachukua kijiko, akaonja maharage bila kuambiwa.

"Shikamoo tena, Mzee," akasema kwa aibu. "Samahani. Chumvi imezidi."

Nilimwambia nimepika mjini hapa kabla mama yake hajazaliwa. Nilimrudishia barua yake. Aliondoka, na kijiko alikuwa amekiosha akakiweka mahali pake.

Jioni ile Rozina alikuja kula kwangu, kama anavyofanya mpaka leo, bibi mzima mwenye wajukuu. Nilimpakulia yale maharage. Alikula yote. Lakini alisimama kuchota maji mara mbili, na mara ya tatu akaja na mtungi mzima.

Nimekaa na jambo hilo. Asubuhi huwa naweka chumvi kwenye ulimi na kungoja.

Binti, kama unasoma hapa, kijiko cha Mzee Feruzi bado ninacho, makopo yapo mezani, gunia halipo. Bado nadaiwa mtu mmoja.